Mafuta kwenye chakula cha kondoo wa maziwa: kinachopanda, kinachoshuka na kiasi cha kulisha

Ukimwongezea kondoo anayekamuliwa mafuta kwenye pumba, mafuta ya maziwa yake kwa kawaida hupanda. Hilo limepimwa mara nyingi. Lakini protini ya maziwa hayohayo hushuka, na jibini hushikana kwa protini. Anayekamua kwa ajili ya jibini asipoyatazama yote mawili kwa pamoja atanunua mafuta dukani, atayapitisha tumboni mwa kondoo, kisha atayamwaga pamoja na maji ya jibini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kiasi, jiulize maziwa yako yanakwenda wapi. Anayeuza maziwa ya kunywa, mtindi au samli ana sababu nzuri ya kutafuta mafuta zaidi. Mwenye kutengeneza jibini gumu la kuhifadhiwa miezi kadhaa inambidi aende taratibu, na mara nyingine aache kabisa.

Vipimo vingi tunavyovitegemea hapa vimetoka nchi za Bahari ya Kati, ambako kondoo hukamuliwa kama ng'ombe wanavyokamuliwa kwetu: Sardinia, ambako maziwa ya kondoo wa Sarda hugeuzwa kuwa jibini la Pecorino Romano; Aveyron nchini Ufaransa, nyumbani kwa kondoo wa Lacaune na jibini la Roquefort; na Castilla y León huko Hispania, wanakofugwa Assaf na Churra. Afrika Mashariki, Wamasai na Wasomali wamekamua kondoo tangu zamani, ila jike wa kienyeji hutoa maziwa kidogo na sehemu kubwa ni haki ya mwanawe. Ushauri huu unamlenga mwenye kondoo wa damu ya maziwa anayekamua lita moja hadi mbili kwa siku. Kwa jike anayetoa robo lita, majani mabichi, maji safi na dawa ya minyoo vitaleta faida kubwa kuliko mafuta ya aina yoyote.

Yajue maziwa yako kabla ya kugusa chakula

Maziwa ya kondoo huwa na mafuta asilimia 6 hadi 8 na protini asilimia 5 hadi 6. Ya ng'ombe yana mafuta yanayokaribia asilimia 4 na protini 3.3 hivi. Ndiyo maana lita 5 au 6 za kondoo hutoa kilo moja ya jibini, wakati kwa ng'ombe unahitaji karibu lita 10.

Viwango hivi havitulii. Huwa chini kondoo anapofikia kilele cha maziwa, kwenye wiki ya tatu hadi ya tano baada ya kuzaa, kisha hupanda polepole kadiri maziwa yanavyopungua. Mfugaji aliyeanza kulisha mafuta mwezi wa pili baada ya kuzaa, akapima mwezi wa nne na kuona ongezeko, hajathibitisha kitu. Hata asingelisha chochote, mafuta yangepanda.

Kuna jambo la pili linalowapotosha wengi. Jike aliyezaa mapacha na asiyeshiba huyeyusha mafuta ya mwili wake, nayo huingia kwenye damu na kufika kiweleni. Maziwa yanakuwa na mafuta mengi, mwenye zizi anafurahi, kumbe ni njaa. Kwa kondoo, mafuta mengi kwenye maziwa hayamaanishi lishe nzuri mpaka uushike mgongo wake. Weka kiganja juu ya kiuno, nyuma ya ubavu wa mwisho, ubonyeze kwa vidole. Mifupa ya uti ikichoma kama meno ya msumeno, na vidole vikapita kirahisi chini ya ncha za mifupa ya pembeni, huyo ana alama 2 au chini yake kwenye kipimo cha 1 hadi 5. Ukihisi mifupa ni laini ya mviringo na lazima ubonyeze ili uzipate ncha, yuko 3. Jike azae akiwa na alama 3 hadi 3.5, na katikati ya kukamuliwa asishuke chini ya 2.5.

La tatu: kama wanakondoo wananyonya mchana, wanatengwa usiku na wewe unakamua asubuhi, jike huzuia maziwa ya mwisho, yenye mafuta mengi, kwa ajili ya mtoto wake. Ndoo yako itakuwa na mafuta machache hata chakula kikiwa kizuri. Kumlisha mafuta hakutaponya hilo. Litajirekebisha utakapowaachisha wanakondoo kunyonya.

Kinachotokea tumboni

Majani ya kawaida yana mafuta asilimia 2 hadi 3 ya uzito mkavu, na vijidudu vya tumbo la kwanza, yaani rumeni, vimezoea kiwango hicho. Vijidudu hivi havipati nguvu kutokana na mafuta. Mafuta ya majimaji, hasa ya alizeti, soya na mahindi, hutanda juu ya vipande vya majani na kuvizuia vijidudu visishike, tena huwaua wale wanaomeng'enya nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi ndizo zinazotoa asetati, na kiwele hutumia asetati kujenga karibu nusu ya mafuta ya maziwa. Nusu nyingine huchukuliwa kutoka kwenye damu, yaani kwenye mafuta aliyokula au aliyokuwa ameyahifadhi mwilini. Chakula chenye mafuta huongeza hiyo nusu ya pili. Kikizidi, huibomoa ya kwanza.

Vijidudu navyo hujitetea. Huyageuza mafuta laini kuwa magumu, hatua kwa hatua. Njia ya kawaida hupitia asidi ya vaseniki, ambayo kiwele huigeuza kuwa asidi ya rumeniki, mafuta yenye sifa nzuri kiafya ambayo maziwa ya kondoo wa malishoni huwa nayo kwa wingi. Lakini tumbo likichachuka kwa sababu ya mahindi mengi na majani machache, njia hupinda. Hutokea aina nyingine, iitwayo trans-10, cis-12, ambayo ikifika kiweleni hata kwa gramu chache huzima utengenezaji wa mafuta. Kwa ng'ombe, Baumgard, Bauman na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell walilithibitisha mwaka 2000. Miaka michache baadaye ikaonekana kwa kondoo pia.

Kondoo ni mgumu kuliko ng'ombe katika jambo hili. Mafuta ya mimea yasiyokingwa (yaani yasiyofungwa ili yapite rumeni bila kuyeyuka), ambayo mara nyingi hushusha mafuta ya maziwa ya ng'ombe, kwa kondoo huyapandisha au huyaacha palepale. Isipokuwa yakitoka baharini. Mafuta ya samaki na mwani wa baharini hushusha mafuta ya maziwa ya kondoo waziwazi: kwa Assaf huko Hispania, kadiri mwani ulivyoongezwa juu ya mafuta ya alizeti, ndivyo mafuta ya maziwa yalivyopungua. Kwa hiyo mwongozo wa mafuta ulioandikwa kwa ng'ombe usiuhamishie kwa kondoo mzimamzima. Wala wa mbuzi: mbuzi hupandisha mafuta ya maziwa na protini yake haitikisiki sana. Kwa kondoo protini hushuka, na sababu ziko kadhaa. Nishati ya mafuta hailishi vijidudu vya rumeni, kwa hiyo protini inayotokana na vijidudu hivyo, ambayo ndiyo kubwa katika mlo wa kondoo, hupungua. Kiwele nacho hupokea amino asidi kidogo zaidi kutoka kwenye damu. Na pale maziwa yanapoongezeka kwa lita, protini ileile husambaa kwenye maji mengi zaidi.

Hesabu ya kiasi

Kikomo cha kukumbuka: mafuta yote kwenye mlo wa siku, yale yaliyomo tayari pamoja na unayoongeza, yasizidi asilimia 5 ya uzito mkavu kama hayajakingwa. Ukitumia mafuta yaliyokingwa unaweza kufika 6, au 7 kwa uangalizi wa karibu.

Chukua jike wa kilo 60 anayetoa lita moja na nusu. Atakula karibu kilo 2.3 za chakula kikavu. Asilimia 5 ya hizo ni gramu 115. Sasa angalia alichonacho tayari horini. Hei (majani makavu) kilo 1.5 yenye mafuta asilimia 2: gramu 30. Pumba za mahindi gramu 400 zenye asilimia 8: gramu 32. Mashudu ya alizeti gramu 400 kutoka kwenye mashine ndogo ya kukamulia, ambayo huacha mafuta mengi, tuseme asilimia 12: gramu 48. Jumla gramu 110. Mfugaji huyu yuko kwenye asilimia 4.8 na hajatia hata tone moja la mafuta. Akimimina kijiko juu ya hapo, anavuka.

Badilisha kitu kimoja tu: mashudu yawe ya kiwanda kikubwa kinachotoa mafuta kwa kemikali, yenye asilimia 1.5. Gramu 48 zinakuwa 6, jumla inashuka hadi gramu 68, karibu asilimia 3. Huyu ana nafasi ya gramu 45 hivi.

Mashudu ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mashudu ya alizeti ya Singida au Dodoma kutoka kwenye vinu vya mtaani hayafanani, hata kinu hadi kinu. Yapo yenye asilimia 8 na yapo yanayozidi 15. Chukua kiganja cha mashudu, yafunge kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa na uyakandamize chini ya tofali usiku kucha. Doa la mafuta likijaa karatasi nzima na mwanga ukipenya, hayo ni ya mafuta mengi. Yahesabu kama asilimia 12 au zaidi. Doa dogo la vipande vipande ni dalili ya mashudu yaliyokamuliwa sana. Kipimo hiki hakitoi namba, lakini kinakuzuia kuvuka kikomo bila kujua. Anayelisha kondoo zaidi ya 20 apeleke nusu kilo maabara ya chakula cha mifugo kila anapobadilisha kinu.

Na usitarajie miujiza ya lita. Gramu 50 za mafuta zina kalori 450, chini ya nusu ya nishati iliyomo kwenye lita moja ya maziwa ya kondoo, na si zote zinazofika kiweleni.

Yatoke wapi

Mbegu nzima ni salama kuliko mafuta ya chupa, kwa sababu mafuta hutoka polepole kadiri mbegu inavyotafunwa. Kondoo hutafuna mbegu vizuri kuliko ng'ombe, hakuna haja ya kuisaga. Ukiisaga unayaachia mafuta yote kwa mkupuo na unaharibu faida uliyoinunua. Mbegu za alizeti zina mafuta asilimia 40 hivi: gramu 100 zinampa gramu 40. Mbegu nzima za pamba zina asilimia 18 hadi 20 pamoja na nyuzinyuzi nzuri, kwa hiyo gramu 150 hadi 200 zinatosha kabisa. Pamba ina sumu ya gosipoli, ambayo rumeni iliyokomaa huimudu kwa kiasi hicho, lakini wanakondoo hawaiwezi, na madume ya mbegu yasipewe. Soya nzima ina mafuta kama ya pamba. Soya mbichi isichanganywe kamwe na urea: ina kimeng'enya kinachoivunja urea haraka na kutoa amonia ya kumuua kondoo ndani ya saa chache. Ikaange kwanza, au uiache urea.

Kwa wafugaji wa pwani, mashudu ya nazi yanapatikana kwa bei nafuu. Yatumieni kidogo. Mafuta ya nazi ni ya mnyororo mfupi zaidi na ni makali kwa vijidudu vya rumeni kuliko ya alizeti; gramu 150 hadi 200 za mashudu kwa siku zinatosha. Pumba laini za mpunga zina mafuta asilimia 12 hadi 16, lakini huchacha haraka, wakati mwingine ndani ya wiki mbili za joto. Zinuse kabla ya kununua: harufu ya rangi ya mafuta au ya karanga kuukuu ina maana zimekwisha kuharibika.

Dagaa na unga wa samaki viachwe kwa kuku, kwa sababu zilizotajwa juu na kwa sababu harufu huingia kwenye maziwa. Mafuta yaliyotumika kukaangia chipsi na mafuta ya wanyama yasiingie zizini.

Mafuta yaliyokingwa yanayouzwa kwa mifuko mara nyingi ni sabuni ya kalsiamu, yaani mafuta ya mawese yaliyofungwa na kalsiamu. Katika rumeni yenye afya hayayeyuki. Hufunguka mbele, penye asidi, na kumeng'enywa kwenye utumbo. Yana mafuta asilimia 84 hivi, hivyo gramu 50 za unga ni gramu 42 za mafuta. Haya ndiyo yanayopandisha mafuta ya maziwa ya kondoo kwa uhakika zaidi, na ndiyo pia yanayoshusha protini waziwazi. Yanabadilisha na ladha: asidi ya palmitiki huongezeka, na zile asidi fupi za kaproiki, kapriliki na kapriki, zinazolipatia jibini la kondoo ukali wake mzuri, hupungua. Ukiwa na wateja waliolizoea jibini lako, watalitambua badiliko. Kumbuka pia kwamba kinga hii huvunjika tumbo likichachuka. Anayemlisha kondoo mahindi mengi kisha akanunua mafuta yaliyokingwa amelipia kinga isiyofanya kazi.

Kama lengo ni maziwa yenye mafuta bora kwa mlaji na si mafuta mengi tu, alizeti na soya huongeza asidi ya rumeniki, na mbegu za kitani huongeza omega-3. Malisho mabichi hufanya yote mawili, bila gharama ya dukani.

Kuanza kulisha

Usianze wiki mbili za kwanza baada ya kuzaa. Jike wakati huo hali chakula cha kutosha, damu yake tayari imejaa mafuta aliyoyayeyusha mwilini, na anachohitaji ni majani bora na protini. Anza wiki ya tatu au ya nne.

Siku 5 za kwanza mpe robo ya kiasi, siku 5 zinazofuata nusu, kisha robo tatu, na ufike kiasi kamili baada ya siku 15 hadi 20. Sabuni ya kalsiamu ina harufu ya sabuni kweli, na kondoo ni mchaguzi. Ukiitupa yote siku ya kwanza atavuta midomo nyuma na kuikataa, na siku inayofuata atakataa hata pumba alizokuwa akizipenda. Ichanganye na molasi kidogo, gramu 50 kwa kila kilo ya pumba. Mafuta ya majimaji yamwage kidogo kidogo juu ya pumba huku ukigeuza kwa mikono, mpaka ukifinya kiganja pumba zishikane kisha zivunjike. Zikibaki donge, yamezidi. Changanya ya siku 2 au 3 tu, uyaweke kivulini ndani ya chombo chenye mfuniko. Gawa mara mbili kwa siku, wakati wa kukamua, na kondoo awe amekwisha kula majani kabla.

Majani yawe angalau nusu ya mlo, na yasikatwe kuwa vumbi: vipande vya sentimita 3 hadi 5 humfanya acheue. Mahindi na nafaka nyingine zisizidi gramu 300 kwa mlo mmoja. Ukilazimika kuzidisha, weka bikaboneti ya soda gramu 10 kwa kila kilo ya pumba. Magadi ghafi yasitumike badala yake kila siku, kwa sababu yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa.

Mafuta yasiyokingwa hukamata kalsiamu na magnesiamu utumboni na kutoka nazo kwenye kinyesi. Ongeza chokaa ya mifugo gramu 10 kwa siku na madini yenye magnesiamu. Na madini hayo yawe ya kondoo. Ya ng'ombe, nguruwe au kuku yana shaba nyingi. Kondoo huilimbikiza kwenye ini wiki hadi wiki bila dalili, kisha siku moja anakojoa mkojo mwekundu, macho yanageuka manjano na anakufa. Wafugaji wamepoteza kondoo wazuri kwa njia hii wakidhani ni mafuta yaliyowadhuru.

Ili protini isishuke sana, usitoe chakula chenye wanga au protini ili kupisha mafuta. Ongeza mafuta juu ya mlo uliokamilika, na uweke majani ya jamii ya mikunde: desmodiamu, alfalfa au kalandra, nusu kilo hadi kilo moja ya majani mabichi. Mashudu ya soya yaliyopikwa vizuri, gramu 100, husaidia pia. Upungufu hautafutika wote, lakini utakuwa mdogo.

Kuangalia na kupima

Saa mbili baada ya kula, pita zizini ukiwa umetulia uhesabu waliolala. Zaidi ya nusu wawe wanacheua. Wakiwa wachache na mabaki horini yameongezeka, punguza mafuta siku hiyohiyo. Kinyesi kikiacha kuwa punje na kuwa donge laini lenye vipande virefu vya majani ambavyo havikumeng'enywa, tumbo limelemewa. Baada ya hapo, ndani ya wiki moja au moja na nusu, mafuta ya maziwa yataanza kushuka badala ya kupanda. Ukiyaondoa mafuta ya chakula, ya maziwa hurejea polepole kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Usibadilishe kitu kingine katikati, hutajua kilichoponya.

Kipimo cha kuacha maziwa kwenye gilasi ndefu usiku kucha na kupima utando wa malai, ambacho watu hukitumia kwa ng'ombe, hakifai kwa kondoo. Maziwa ya ng'ombe yana protini inayogandisha chembe za mafuta pamoja zikapanda juu haraka. Ya kondoo hayana, na chembe zake hubaki zimetawanyika. Utaona utando mwembamba kwenye maziwa yenye mafuta asilimia 7 na kudhani yamechakachuliwa.

Tumia kipimo cha Gerber, kinachopatikana kwenye vituo vingi vya kukusanyia maziwa: asidi ya salfuriki mililita 10, maziwa mililita 11, alkoholi ya amili mililita 1, kwa mpangilio huo, kisha mashine ya kuzungusha na maji ya nyuzi joto 65. Butirometa (chupa ya kipimo hicho) ya ng'ombe mara nyingi huishia asilimia 6 au 8. Mwambie fundi ayachanganye maziwa ya kondoo na maji safi nusu kwa nusu, halafu azidishe kipimo mara mbili. Protini inahitaji mashine ya maabara, na mashine hiyo iwe imesawazishwa kwa maziwa ya kondoo. Iliyosawazishwa kwa ng'ombe itadanganya.

Sampuli ndiyo inayoharibu vipimo vingi. Maziwa ya mwanzo wa kukamua yana mafuta machache na ya mwisho mengi, kwa hiyo usikinge kwenye chupa moja kwa moja kutoka chuchuni. Kamua mpaka mwisho, mimina ndoo hadi ndoo mara tatu, kisha chota mililita 50. Changanya ya asubuhi na jioni kulingana na wingi wake. Na ulinganishe: wagawe kondoo waliozaa wakati mmoja makundi mawili yanayokaribiana kwa lita, kundi moja lipate mafuta na jingine lisipate, kwa wiki nne. Pima kabla, wiki ya pili na wiki ya nne. Hapo tu ndipo utajua mafuta yamefanya nini na umri wa maziwa umefanya nini.

Mfano wa namba za kutegemea: jike aliyekuwa na lita 1.5, mafuta 6.5 na protini 5.4, akipewa gramu 50 anaweza kufika lita 1.55, mafuta 7.3 na protini 5.1. Kwa gramu, mafuta yametoka 97 hadi 113 kwa siku. Protini ilikuwa 81 na sasa ni 79. Muuza mtindi amepata kitu kizito na laini zaidi. Mtengeneza jibini ana protini karibu ileile ya kushikia mafuta mengi zaidi.

Na hilo huonekana kwenye sufuria hata bila maabara. Tumbukiza kisu kwenye maziwa yaliyoganda, ukiinue kwa pembe. Ganda zuri hupasuka kwa mstari mmoja safi, na maji yanayojaa kwenye ufa ni ya kijani-manjano, angavu. Ganda lenye mafuta yaliyozidi protini hupasuka likiwa na kingo za ulaini wa uji, na maji yake ni meupe kama ya mchele. Ukiyaacha maji hayo yapoe, juu yake kunatanda ngozi ya mafuta: hayo ndiyo uliyoyanunua. Ukiona hivyo, punguza mafuta ya chakula kwa nusu na upime tena baada ya wiki mbili. Kwa wiki hizo unaweza kuengua sehemu ya malai kwa mashine na kutengeneza siagi, mpaka uwiano wa protini kwa mafuta urudi kwenye 0.75 hadi 0.8.

Jambo moja zaidi kuhusu mashudu, yawe ya mafuta mengi au machache: yenye ukungu usilishe hata kidogo. Sumu ya kuvu, aflatoksini, huingia kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na katika jibini hung'ang'ania protini, kwa hiyo kilo ya jibini huwa na sumu nyingi kuliko kilo ya maziwa yaliyolitengeneza. Kuyaanika mashudu juani kunaondoa unyevu, sumu inabaki.

Lini uache

Mwezi wa tano na wa sita wa kukamuliwa, mafuta ya chakula huenda zaidi mgongoni kuliko kiweleni. Shika kiuno tena. Aliyefika 3 au zaidi hahitaji mafuta ya nyongeza. Yakiendelea ataingia kwenye mimba inayofuata akiwa mnene, na kondoo mnene hupata ugonjwa wa sumu ya mimba wiki za mwisho, hasa mwenye mapacha. Aliye chini ya 2.5 aendelee mpaka arudishe mwili. Kwa wote, punguza kwa nusu wiki mbili kabla ya kukausha maziwa, uondoe kabisa wiki ya mwisho, na mfuko uliobaki ufunge vizuri na kuuandika tarehe. Ukiufungua msimu ujao na kukuta harufu kali, usiwape kondoo.